Annika Sörenstam: Binti Aliyeikimbia Hotuba

Wengi wetu hapa Pwani tunaujua mchezo wa gofu kwa kuutupia jicho tu. Mtu apitaye barabara ya Mama Ngina, Mombasa, akienda kupunga upepo wa jioni, huwaona watu wachache katika majani yaliyokatwa vizuri, mmoja kainama, mwingine kabeba mfuko wa magongo, na mpira mdogo mweupe mithili ya yai la njiwa umetuama mbele yao. Hutazama kidogo, kisha akaenda zake kununua mihogo. Ni mchezo, husema, wa watu wenye nafasi. Sikatai. Lakini leo nataka kuwasimulia wasomaji habari za mwanamke mmoja aliyeucheza mchezo huo akawapita karibu wote waliopata kuucheza kabla yake. Fedha alizochuma ni nyingi na vikombe havina idadi ndogo, nami nitavitaja. Kinachonivuta kwake hasa ni jambo moja la tabia yake, ambalo nadhani sisi watu wa huku tutalielewa upesi. Mwanamke huyo alikuwa na soni.

Jina lake ni Annika Sörenstam, Mswidi, aliyezaliwa tarehe 9 Oktoba 1970 na kukulia katika mji mdogo wa Bro, si mbali na Stockholm. Sweden ni nchi ya theluji. Viwanja vya gofu hulala chini ya baridi miezi mingi ya mwaka, na mtoto apendaye michezo hana budi kujua mingine ya kumpitishia majira hayo. Annika aliteleza kwenye theluji, akacheza kandanda, na zaidi ya yote akacheza tenisi, maana zama zile kila mtoto wa Kiswidi alitaka kuwa Björn Borg. Gofu aliianza akiwa na miaka 12. Yeye na mdogo wake Charlotta walikuwa na seti moja ya magongo ya kugawana. Kila gongo la gofu lina nambari yake, kwa kadiri linavyorusha mpira mbali au karibu. Basi Annika akachukua yenye nambari witiri na Charlotta akachukua yenye nambari shufwa. Mmoja ana la tano na la saba, mwingine ana la sita na la nane, na mpira ukikaa mahali panapotaka gongo usilonalo, ufanye ujuavyo. Nadhani hakuna mkufunzi angeweza kubuni somo zuri kuliko hilo.

Msomaji asiyeujua mchezo atanisamehe nikieleza kwa maneno mafupi. Uwanja una mashimo 18. Mchezaji huupiga mpira kutoka mwanzo wa kila shimo mpaka uingie ndani, na kila mkwaju huhesabiwa. Mwenye mikwaju michache ndiye mshindi. Kila shimo limewekewa idadi yake ya kawaida, mitatu, minne au mitano, na jumla ya uwanja mzima mara nyingi huwa 72. Anayemaliza kwa 72 amecheza vizuri sana. Basi.

Sasa tuje kwenye soni. Katika mashindano ya watoto ilikuwa desturi mshindi asimame mbele ya watu, apokee kikombe, na kusema maneno mawili matatu ya shukrani. Kwa Annika maneno hayo yalikuwa mlima. Akawa akikaribia kushinda, anaukosesha mpira shimo kwa makusudi, umbali ambao hata mtoto asingekosa, ili awe wa pili na arudi nyumbani bila kufungua kinywa. Alifanya hivyo mara kadhaa. Wakufunzi wake wakalitambua. Hawakumgombeza. Mashindano yaliyofuata walitangaza kwamba wa kwanza na wa pili wote wawili watahutubia. Annika akaona hakuna tena pa kujificha; ikiwa kusema ni lazima, ni heri kusema akiwa amekishika kikombe.

Hapa nataka kutua kidogo. Lugha yetu ina maneno mawili, haya na soni, na watu huyachanganya. Haya ni pambo. Bibi humwombea mjukuu wake awe nayo. Soni ni kitu kingine, humfunga mtu ulimi hata pale haki yake inapomtaka atamke. Nimewajua watoto wa madrasa waliohifadhi vizuri kuliko wenzao, na siku ya kusoma mbele ya wazazi wakajifanya wamesahau. Annika alikuwa na zote mbili, haya na soni. Ninavyoyasoma maisha yake, alishindana na ile ya pili miaka mingi na ile ya kwanza hakuitupa kamwe.

Kuna kisa kingine cha utotoni ambacho yeye mwenyewe amekisimulia mara nyingi. Siku ya mvua aliuacha uwanja wa mazoezi, akampigia babake simu aje kumchukua. Wakiwa wanaondoka na gari wakawaona watoto wengine wangali wakipiga mipira mvuani, na baba akamwambia kwamba hakuna njia ya mkato ya kufika kwenye mafanikio. Wazazi wote wa dunia wamesema hivyo, na watoto wote wamesikia hivyo. Huyu alisikiliza.

Mtu wa pili aliyemjenga ni Pia Nilsson, mkufunzi wa timu ya taifa ya Sweden. Bibi huyu aliwapa vijana wake wazo lililowashangaza wengi. Aliwauliza: je, kuna shimo katika uwanja wa nyumbani ambalo hujapata kulimaliza kwa mkwaju mmoja chini ya kawaida? Kila mmoja akikumbuka vizuri huona kwamba kila shimo, siku moja au nyingine, amewahi kulifanyia hivyo. Basi kama kila moja limewezekana peke yake, kwa nini yote 18 yasiwezekane siku moja? Sabini na mbili ukitoa 18 hubaki 54. Hakuna binadamu aliyepata kufika 54 katika mashindano makubwa, lakini Nilsson hakulitia hilo maanani. Alitaka vijana waache kuogopa nambari. Annika akaichukua 54 akaiweka moyoni, na tutaona ilimfikisha wapi.

Alikwenda Marekani kusoma katika Chuo Kikuu cha Arizona, mjini Tucson. Mwaka 1991, akiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, alitwaa ubingwa wa vyuo vya nchi nzima, na alikuwa wa kwanza asiye Mmarekani kuupata. (Charlotta naye aliupata mwaka 1993 akiwa Chuo Kikuu cha Texas, wale wa magongo ya kugawana wote wawili.) Mwaka 1992 Annika akawa bingwa wa dunia wa wachezaji wa ridhaa. Akaingia katika uchezaji wa kulipwa, na mlango wa kwanza ukamfungia usoni: alikosa kufuzu kwa mzunguko wa wanawake wa Marekani, LPGA, kwa mkwaju mmoja tu. Ikambidi arudi Ulaya mwaka 1993 kucheza mzunguko wa wanawake wa huko. Ndio mzunguko ule ule uliokuja kufika kwetu Desemba 2019, mabinti wa Ulaya na kwingineko walipocheza Vipingo, Kilifi.

Mwaka 1994 alipata nafasi Marekani, na Julai 1995, kule Colorado Springs, akashinda kwa mara ya kwanza katika mzunguko huo. Hakuanza na mashindano madogo. Alianza na US Women's Open, ambayo kwa wanawake wa gofu hakuna makubwa kuliko hayo. Meg Mallon wa Marekani aliingia siku ya mwisho akiongoza kwa mikwaju mitano. Jioni Annika alikuwa mbele kwa mmoja. Mwaka uliofuata, huko Pine Needles, North Carolina, akashinda tena, safari hii kwa tofauti ya mikwaju sita. Na hotuba akatoa.

Sitaandika orodha ya ushindi wote, maana ukurasa hautoshi. Nitaje siku moja tu, tarehe 16 Machi 2001, katika uwanja wa Moon Valley, Phoenix. Siku ile Annika alipangwa kucheza kundi moja na Meg Mallon na, kwa bahati, na Charlotta, ambaye ndiye aliyekuwa ameshinda mashindano hayo hayo mwaka wa nyuma. Alianzia shimo la kumi, akalimaliza kwa mkwaju mmoja chini ya kawaida. Shimo la pili, vivyo hivyo. La tatu, vivyo hivyo. Akaenda hivyo mashimo manane mfululizo. Alipomaliza mashimo 13 alikuwa ameshinda idadi ya kawaida katika 12 kati ya hayo. Wenziwe wakawa hawasemi naye, maana mtu aliye katika hali hiyo haguswi. Jumla ilikuwa 59: mashimo 13 pungufu ya mkwaju mmoja mmoja, matano ya kawaida, na hakuna hata moja lililozidi. Hakuna mwanamke aliyewahi kufika 59 katika mzunguko ule kabla yake. Hata katika mzunguko mkubwa wa wanaume wa Marekani walikuwa watatu tu. Ilibaki mitano kufika ile 54 ya Pia Nilsson. Na nani alikuwa pembeni akitazama? Mdogo mtu, mwenye nambari shufwa.

Mwaka huo alishinda mara nane, na mwaka 2002 mara 11 katika mzunguko wa Marekani. Hapo ndipo lilipozuka lile jambo lililoifanya dunia isiyojua gofu ilijue jina lake. Mapema mwaka 2003 alikubali mwaliko wa kucheza na wanaume, katika mashindano ya Colonial, Fort Worth, Texas. Mwanamke wa mwisho kucheza katika mashindano ya mzunguko huo alikuwa Babe Zaharias, mwaka 1945. Miaka 58.

Maneno yakawa mengi. Vijana wa magazeti walijaa kama nzi kwenye halua. Vijay Singh wa Fiji, mmoja wa wachezaji wakubwa kabisa wa wakati ule, alisema hadharani kwamba mahali pale si pake na kwamba anatumaini atatolewa mapema. Baadaye alijaribu kuyalainisha maneno yake. Hata mimi nina rafiki barazani, mtu mzima na mwenye busara, ambaye nilipomhadithia kisa hiki alitikisa kichwa akasema, "Alikuwa na wake wenziwe wa kucheza nao, akawatafutia nini waume?" Swali si baya. Jibu la Annika mwenyewe lilikuwa jepesi: alikuwa amewashinda waliokuwapo, na alitaka kujua kiwango chake ni kipi. Hakusema anakwenda kuwatetea wanawake, wala hakudai kuwa wanawake ni sawa na wanaume katika nguvu za kupiga mpira. Alichagua Colonial kwa kuwa ni uwanja wenye njia nyembamba, ambao hupenda mwenye shabaha kuliko mwenye misuli. Mimi naona mtu aliyechagua uwanja kwa hesabu namna hiyo hakwenda kufanya maonyesho.

Asubuhi ya tarehe 22 Mei 2003, basi, yule binti aliyekosesha mipira ili asitazamwe alisimama mwanzo wa shimo la kumi, na umati umejipanga pande zote mbili, wengine wamevaa beji zenye jina lake, na televisheni zinaonyesha moja kwa moja. Waliokuwa wakicheza naye, Aaron Barber na Dean Wilson, nao walikuwa wageni wa mzunguko huo. Akaupiga. Mpira ukaenda ukaanguka katikati ya njia, pale pale ulipotakiwa. Kisha akageuka, akaulegeza mwili na kupepesuka kama mtu ambaye magoti yamemwisha nguvu, na watu wakaangua kicheko na kupiga makofi. Nimeitazama filamu ya kitendo hicho mara nyingi. Alikuwa ameionyesha hofu yake hadharani badala ya kuificha, na hofu ikapungua nusu.

Siku hiyo alicheza 71, mkwaju mmoja tu juu ya idadi ya kawaida ya uwanja ule, ambayo ni 70. Kupiga mbali hakukumwangusha. Alichokosa ni mipira midogo ya karibu na shimo, ile ile aliyokuwa bingwa wa kuikosesha utotoni kwa kupenda. Siku ya pili alicheza 74. Jumla 145, na kwa mikwaju minne akakosa nafasi ya kuendelea siku mbili za mwisho. Hakuwa wa mwisho. Wapo wanaume waliorudi makwao nyuma yake. Alipotoka uwanjani alilia mbele ya watu. Akasema amejifunza, na kwamba anarudi kwa wenziwe. Hakucheza tena katika mzunguko wa wanaume.

Machozi yake yalikwisha kuonekana mara moja kabla, mwaka 2000 huko Loch Lomond, Uskochi, katika Solheim Cup, ambamo wanawake wa Ulaya hupambana na wa Marekani. Aliupiga mpira kutoka nje ya eneo la shimo ukaingia, Wazungu wa Ulaya wakashangilia, na mara wapinzani wakadai kwamba hakuwa zamu yake. Sheria iliwaruhusu kumtaka arudie. Akarudia, akakosa, akalia kwa uchungu. Ulaya ilishinda kombe hilo hata hivyo. Mmoja wa wapinzani hao alikuwa Pat Hurst, na mwaka 2006 ni Pat Hurst huyo huyo aliyefungana naye katika US Women's Open huko Newport, ikabidi wacheze mashimo 18 mengine siku ya Jumatatu. Annika alishinda kwa mikwaju minne. Huo ulikuwa ushindi wake wa kumi, na wa mwisho, katika mashindano makuu.

Baada ya Colonial wengi walidhani atavunjika moyo. Wiki iliyofuata tu alishinda mashindano ya wanawake. Juni akachukua LPGA Championship, na Agosti, Royal Lytham, Uingereza, akachukua British Open ya wanawake, akawa wa sita katika historia kukamilisha mashindano makuu yote. Mwaka 2005 alishinda mara kumi. Kwa jumla alipata ushindi mara 72 katika mzunguko wa LPGA, akatajwa mchezaji bora wa mwaka mara nane, na alikuwa mwanamke wa kwanza kuchuma zaidi ya dola milioni 20 kwa gofu.

Lakini kilele hakina uwanda wa kukaa. Mwaka 2007 shingo na mgongo vilimsumbua, akapita mwaka mzima bila ushindi katika LPGA, na Aprili mwaka huo Lorena Ochoa wa Mexico akampokonya nambari moja ya dunia. Mwaka 2008 alirudi, akashinda mara tatu kabla ya nusu ya Mei. Ndipo, siku mbili baada ya ushindi wa tatu, akawaita waandishi na kutangaza kwamba mwisho wa mwaka anaacha. Alikuwa na miaka 37. Alisema anataka kuwa na watoto na kushughulika na mambo mengine. Ndoa yake ya kwanza ilikuwa imekwisha kuvunjika mwaka 2005. Aliolewa tena Januari 2009, na Mungu akamjalia binti mwaka huo na mvulana mwaka 2011, aliyezaliwa kabla ya miezi yake kutimia na akapona.

Mashindano yake ya mwisho hayakuwa Marekani wala Sweden. Yalikuwa Dubai, Desemba 2008, katika uwanja wa Emirates Golf Club uitwao Majlis. Jamaa zetu waliohamia Ghuba kutafuta riziki wanaujua: majani mabichi katikati ya jangwa, uwanja wa kwanza wa namna hiyo Mashariki ya Kati, uliofunguliwa mwaka 1988. Annika alikuwa ameshinda huko mwaka 2006 na 2007. Safari ya kuaga hakushinda.

Yaliyofuata nitayapitia kwa haraka. Alianzisha wakfu wa kuwasaidia wasichana wadogo katika gofu. Januari 2021 alipokea nishani kubwa ya Rais wa Marekani, siku moja tu baada ya ghasia za bungeni Washington, na wengi walimlaumu kwa kwenda. Nadhani mwenye soni ya zamani angepata udhuru wa kubaki nyumbani. Mwaka huo huo, akiwa na miaka 50, aliingia US Senior Women's Open, mumewe akimbebea magongo, akashinda kwa mikwaju minane.

Mwaka 2021 vilevile, yeye na Mswidi mwenzake Henrik Stenson, bingwa wa British Open ya wanaume mwaka 2016, walikuwa wenyeji wa mashindano mapya huko Sweden. Wanaume na wanawake walicheza pamoja, uwanja mmoja, kikombe kimoja, fedha zile zile. Wanawake walianzia mbele kidogo, kwa kuwa nguvu hazilingani, na hakuna aliyeona vibaya. Mwaka wa kwanza alishinda mwanamume. Mwaka 2022, kule Halmstad, akashinda Linn Grant, binti wa Kiswidi wa miaka 22, mwanamke wa kwanza kushinda mashindano ya mzunguko wa wanaume wa Ulaya. Waliofungana nafasi ya pili walikuwa mikwaju tisa nyuma yake, na mmoja wao alikuwa mwenyeji mwenyewe, Stenson.